Polisi wa Ukoo wa Mvua

Liévin Chomba alikuwa polisi miaka kumi na tisa katika mji wa Élisabethville, na miaka yote hiyo hakuna aliyefurahi kumwona mlangoni isipokuwa mke wake Germaine, naye si kila siku.

Hakuingia kazi ile kwa kuipenda. Alitoka Kilwa, kando ya ziwa Mweru, mwaka 1938, akiwa amefunga randa ya marehemu mjomba wake ndani ya kitambaa, nia yake useremala. Asubuhi aliyopanga mstari mbele ya ofisi ya kazi, Mzungu mmoja alipita na ufito wenye alama akiwapima watu urefu. Waliopita alama waliambiwa wasimame upande wa kulia. Chomba alikuwa mrefu, akasimama kulia kama wenzake, na jioni yake akapewa kofia nyekundu ya polisi. Randa aliitia chini ya kitanda. Jumapili akitoka misa aliipaka mafuta isishike kutu, na Germaine akamwuliza kila mara anamtunzia nani.

Watu wa Kamalondo, mtaa wa watu weusi mjini humo, walidhani kazi ya polisi ni kukamata. Ungemwuliza Chomba, angekuambia kazi ya polisi ni kutembea. Asubuhi unapewa karatasi, unatembea. Fulani anaitwa barazani, mbuzi wake amekula mboga za jirani. Mtoto ameokotwa sokoni, hajui jina la baba yake. Mzee amekutwa amelala kwenye reli, aulizwe ni wa nani. Kwa kila mtu mmoja aliyemkamata, kumi aliwapelekea habari, lakini hao kumi hakuna aliyewahesabu. Tena sheria hakuziandika yeye, na nyingine hata hazikumwingia akilini. Kwa nini mtu mweusi aombe cheti cha kukaa katika mji alioujenga kwa mikono yake, Chomba hakuelewa, na hakuuliza, maana swali lile lisingewalisha wanawe bukari, yaani ugali.

Na alijua mengi kuliko aliyoyapeleka ofisini. Katika avenyu moja nyembamba ya Kamalondo aliishi mama mmoja Mluba, Ngalula, mwenye kinu kikubwa mbele ya nyumba. Kila kofia nyekundu ilipotokea kona, Ngalula alitwanga mara tatu, akapumzika, akatwanga tena mara tatu. Milango ikafungwa, mitungi ya pombe ya lutuku ikaingia chini ya vitanda, wageni wasio na vyeti wakaruka ua. Kinu kitupu hakilii kama kinu chenye mahindi, na mtu aliyekulia kijijini hadanganywi kwa hilo. Chomba alikuwa akimsalimu tu na kupita. Hilo nalo angependa watu walijue, ila polisi hawezi kusimama barabarani akatangaza mambo anayojifanya hayaoni.

Lakini tusimpake mafuta mengi. Mwaka 1950 mwenzake mmoja, Adalbert, alichoka kumwinda mwanamke aliyeitwa Brigitte, muuza lutuku wa avenyu ileile. Siku hiyo alisimama nje ya mlango wake akaita kwa sauti ya huruma kwamba mumewe ameangukiwa na jiwe mgodini. Brigitte alitoka mbio, kitambaa cha kichwa kikianguka, mlango wazi nyuma yake. Mitungi minne ikaonekana. Akafungwa miezi miwili. Mumewe alikuwa mzima, hajakwaruzwa hata ukucha. Katika kambi ya polisi ujanja ule ulisifiwa wiki nzima, na Chomba, aliyekuwepo, alicheka pamoja na wenzake.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, asubuhi ya baridi na vumbi jekundu, komisere, mkuu wake, alimpa karatasi. Mtu mmoja, Kalaba, alianguka sokoni siku mbili nyuma, akapelekwa hospitali, akafa alfajiri kwa ugonjwa wa mapafu. Hakuwa na buku la kitambulisho wala cheti chochote. Kabla ya kukata kauli alisema kwao ni Kilwa, na dada yake ni Madeleine Kunda, anashona nguo Kamalondo. Dada asipopatikana kabla ya saa tisa, wafungwa wangemzika.

Chomba alilijua kaburi la wafungwa: mti mfupi, na juu yake namba. Kwa watu wa ziwani hilo si jambo dogo. Mtu akizikwa bila ndugu, jina lake halipokewi na yeyote wa ukoo. Anapotea kabisa, kama hakuzaliwa. Kwa hiyo alipita kwanza chumba cha maiti, amtazame mtu mwenyewe, asije akakosea. Alimkuta kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye masikio makubwa na pengo la jino la mbele. Mikono yake bado ilinuka samaki wa kukaushwa. Chomba aliijua harufu ile tangu akinyonya.

Alipotokea kona, Ngalula akaanza. Mara tatu, akapumzika, mara tatu.

"Jambo, mama Ngalula. Uko natwanga nini leo?"

"Jambo, baba. Niko natwanga njala."

Nyumba ya Madeleine ilikuwa ya nne. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, sindano mdomoni, suruali ya mtu magotini. Kwenye kamba nyuma yake ilianikwa shati ya kiume, na kando ya ukuta ulikuwapo mkeka wa mgeni, umekunjwa. Chomba aliviona vyote viwili, na Madeleine aliona kwamba ameviona.

"Mama, niko natafuta dada ya Kalaba."

"Kalaba gani? Ile jina siijue."

"Kijana ya Kilwa. Masikio makubwa, jino ya mbele haiko."

Aliposema hivyo alijua amekosea. Sindano ilitoka mdomoni. Uso wa Madeleine ulijifunga. Kama polisi analijua jino, basi polisi amemshika mwenye jino, na sasa anatafuta aliyemficha. Kila ushahidi ambao Chomba angeutoa ungesema hayo hayo.

"Simujue," alisema Madeleine. "Hapa nakaa na bwana yangu na batoto. Ile shati ni ya bwana."

Basi Chomba akamwambia moja kwa moja, kwa upole alioweza. "Mama, Kalaba alikufwa leo asubuhi ku lopitali. Saa tisa bafungwa batamuzika. Minakuya kukuita, haiko kukukamata."

Kitambo kidogo mkono wa Madeleine ulikamata ile suruali kwa nguvu, na Chomba akadhani ameamini. Kisha mkono ukalegea.

"Njo vile mulimwambia Brigitte," alisema. "Bwana yako, jiwe ilimuangukia. Akatoka mbio. Mukamufunga, na mukacheka. Siye bote tulisikia namna mulicheka."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na kicheko kilichosikika siku ile kilikuwa cha Chomba pia. Aliona haya, haya ya kweli, ya kumfanya mtu mzima atazame viatu vyake.

"Mama, miye minasema kweli."

"Na miye minasema kweli. Miye mutoto wa Bena Bowa. Kwa bakubwa ba Uyoga bote benye kulala chini, huyu muntu simujue." Akaokota sindano yake, akaendelea kushona, na mshono ule ulikwenda kombo.

Kuapa uongo kwa wafu wa ukoo si mchezo. Mtu haapi hivyo kwa ajili ya mpita njia. Chomba aliondoka, akatembea mpaka mwisho wa avenyu, akasimama. King'ora cha kiwanda kililia saa sita. Angeweza kurudi ofisini akaandika kwamba ndugu haonekani, na komisere angetia sahihi bila kuinua macho. Hakuna ambaye angemlaumu, Madeleine hata kidogo. Angemngoja kaka yake leo, kesho, na mwezi ujao, akiamini amewashinda polisi, na shati ingeendelea kukaa kwenye kamba.

Ila kulikuwa na neno alilolisema mwenyewe: Bena Bowa, watu wa Uyoga. Na Chomba kwao ni Bena Mfula, watu wa Mvua. Mvua na Uyoga ni watani tangu enzi za mababu. Mvua humwambia Uyoga, bila mimi usingeota. Uyoga humjibu, bila mimi ungenyesha bure. Wakikutana hutukanana, hunyang'anyana kuku, na hakuna anayekasirika. Lakini siku ya msiba, mtani ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayembeba maiti, na ndiye pekee anayeruhusiwa kumcheka. Kumcheka mtu aliye hai kwa maneno ya msiba hakuna mtani anayethubutu, kwa kuwa ni kukiita kifo kije nyumbani kwake mwenyewe. Polisi huweza kudanganya kuhusu hospitali. Kuhusu hilo hadanganyi mtu.

Sheria ya kazi ilisema polisi havui kofia barabarani, wala haketi chini akiwa na nguo za serikali. Makarani wawili walikuwa wakipita na baiskeli zao. Chomba alirudi mpaka nyumba ya nne, akavua kofia, akaketi mavumbini mbele ya mlango, miguu ameinyoosha. Akapaza sauti.

"Bena Bowa, mutoke. Miye Chomba, mutoto wa Bena Mfula. Uyoga yenu moja imeoza, na minakuya kuibeba."

Kinu cha Ngalula kilikatika katikati ya pigo.

"Muvivu gani huyu Kalaba? Anatoka Kilwa na samaki, anafika ku mugini ya bantu, analala, na kuamuka anakataa. Na ile masikio. Nitachimba shimo ngapi miye? Moja ya yeye, na mbili ya masikio? Alikuwa nakunywa maji yangu ya mvua tangu utoto, na leo anaenda bila kuniaga. Mwizi. Munipe jembe nikamufukie mwizi wangu."

Milango iliyofungwa ilifunguliwa mmoja mmoja. Wanawake walitoka, wakamtazama yule mtu mrefu aliyeketi chini, kofia nyekundu magotini, akimtukana maiti huku machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Brigitte naye alitoka. Hakuna aliyecheka.

Madeleine alikuja mpaka kizingitini. Kwa muda hakulia. Alijibu kama inavyompasa mtu wa Uyoga, kwa sauti nyembamba.

"Mvua, jembe ya kwetu haikatake. Utachimba na mikono."

Kisha akaanguka. Ngalula alimdaka kabla hajafika chini.

Walifika hospitali saa nane na nusu, avenyu nzima, wanawake wakilia, na mbele yao polisi kichwa wazi. Mlinzi wa chumba cha maiti alifikiri ni maandamano, nusura afunge geti. Wafungwa wawili walikuwa wameshashika majembe. Chomba alichukua jembe la mmoja wao, na makaburini akachimba mwenyewe, amevua shati ya serikali na kuitundika kwenye kichaka, na kila baada ya udongo kidogo alitupa neno la utani kuhusu masikio, kwa sababu ndivyo ilivyompasa.

Walipokwisha kufukia, Madeleine alimsogelea.

"Nilimukana," alisema. "Ndugu yangu, mutoto wa mama yangu. Nilisema simujue, na yeye amelala kule peke yake."

"Ulimukana juu ya kumupenda," Chomba alisema. "Miye, siku ya Brigitte, nilicheka. Kama singecheka, ungenisikia mara ya kwanza."

Madeleine hakumwambia kwamba amemsamehe. Alimpa kata ya maji anawe mikono, na akamshikia shati mpaka alipoikausha.

Makarani wa baiskeli walikuwa wameshasema. Komisere alimwuliza Chomba kama ni kweli aliketi barabarani akipiga kelele, naye akajibu ni kweli. Aliulizwa kwa nini. Akaeleza habari za Mvua na Uyoga, na komisere akasikiliza kama mtu anayesubiri treni. Adhabu ilikuwa siku nane bila kutoka kambini. Chomba aliitumikia, na hakuona kwamba ameonewa sana, maana sheria aliijua kabla ya kuketi. Kalaba alikuwa na kaburi, na mtoto wa pili wa Madeleine alikwisha kupewa jina lake.

Baada ya hapo, msidhani Kamalondo walianza kumpenda polisi. Alipokuja na kofia kichwani, Ngalula alitwanga kama kawaida, mitungi ikaingia chini ya vitanda. Lakini palipokuwa na habari ya msiba, komisere alimtuma yeye, naye akifika kona alivua kofia. Kinu kikanyamaza. Milango ikafunguka yenyewe, wanawake wakaketi chini kabla hajafungua mdomo, wakingoja kusikia ni nyumba ya nani. Waliamini kila neno lake. Kwa miaka mingi alikuwa ametamani jambo hilo, na lilipokuja hakujua aliweke wapi.

Mwezi wa kumi mwaka uleule, kabla mvua hazijaanza, joto lilikuwa la kuchoma mawe. Chomba alirudi nyumbani mchana, jasho likimwagika, kofia mkononi ajipepee. Germaine alikuwa uani akimenya mihogo. Alipomwona aliweka kisu chini, taratibu. Akatoka kwenye kigoda, akaketi ardhini, akanyoosha miguu.

"Nani?" aliuliza. "Niambie tu. Ni mama yangu?"

Chomba hakuelewa, mpaka alipotazama kofia mkononi mwake.

"Hakuna muntu, Germaine," alisema. "Hakuna muntu. Ni jua tu."

Alimwinua, akampangusa vumbi la nguo. Tangu siku hiyo, jua liwe kali namna gani, Liévin Chomba aliingia kwake na kofia kichwani.