Waya wa Parthena Juu ya Vigae

Upepo wa Vardaris ulipoiangusha antena ya Iordanis, kijiji kizima kilijua kabla ya chakula cha mchana, maana redio zilibaki zikikoroma tu. Kituo chake kilikuwa cha nyumbani, cha mawimbi ya kati, nguvu yake ndogo, kibali hakina. Kilifika kwenye mashamba ya mipichi na vijiji vya jirani, basi. Lakini humo ndimo watu walimosalimiana na kutumiana nyimbo za zeze, na lililosemwa humo lilikuwa limesemwa. Kijana mmoja alisalimiwa hewani kwa makosa kama mchumba wa binti wa mwokaji mikate, akaishia kumwoa.

Iordanis mwenyewe alikuwa ameanguka kutoka paa hilohilo akavunjika nyonga, na tangu hapo ni mtu wa kiti na kitanda. Mkewe Parthena ndiye aliyekuwa miguu yake. Wakati wa matangazo alikaa mlangoni penye simu, akasikiliza nani anamsalimu nani, akamtamkia mumewe, naye mumewe akarudia hewani. Miaka ikapita hivyo. Hata kanisa aliliona mlango tu, akipita kwenda duka la dawa.

Sasa binti yao Simela, aliyeolewa Stuttgart, Ujerumani, alikuwa anambatiza mtoto wake wa kwanza. Tiketi ya mama alikwisha kuituma. Kila Parthena alipoanza habari ya safari, Iordanis alishika nyonga. Mara hii akasema, "Nirudishie antena yangu, kisha nenda. Nikiwa na redio siko peke yangu."

Basi Parthena akapanda. Jirani yao Anestis alisingizia magoti, ingawa aliogopa polisi zaidi, ila alikubali kushika ngazi. Parthena alijifunga kamba kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye dohani, akafanya ishara ya msalaba. Vigae viliteleza. Iordanis, kutoka kiti chake uani, aliamuru: kikombe cha kauri cha kuzuia umeme kwanza, waya usiguse bati la mfereji wa mvua, vuta mpaka kwenye nguzo ya ghala, usilegee.

"Shemeji," Anestis akasema, "ukianguka na wewe, nani atatupikia sisi wawili?"

"Utapika wewe. Shika ngazi."

Kule juu aliiona barabara, na basi likishuka kwenda Thesaloniki. Alijinyoosha kulitazama, kamba ikamkaza. Akakaza waya, akashuka, akamwagia maji ya chumvi chuma cha mtambo kilichozikwa ardhini, ili mawimbi yaende mbali, kama mumewe alivyotaka.

Jioni ile sauti ilitoka safi kuliko zamani. Simu haikupumzika. Iordanis uso ukamng'aa, akasema bila kugeuka, wimbo ukiendelea, "Umeona? Ningezipokeaje simu hizi zote bila wewe? Simela atatuletea picha."

Kwa Parthena ilikuwa kana kwamba ile kamba bado iko kiunoni. Akamwomba Mama wa Mungu amsamehe, na wimbo ulipokwisha akasema kwa sauti yake ileile ya kila siku:

"Kutoka kwa Parthena wa Iordanis, kwa majirani wote. Anawaaga, Alhamisi anakwenda kumbatiza mjukuu. Anawaomba wamtazame mumewe mpaka arudi."

Mdomo wa Iordanis ulikuwa umezoea kazi. Alirudia yote, neno kwa neno, mpaka "arudi." Hapo akatambua kwamba kijiji kizima kimekwisha kusikia. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Umenifanya nini, Parthena?"

"Nimekuwekea antena."

Simu ikalia. Alimtazama mkewe, kisha simu, akanyoosha mkono, asiifikie. Ikanyamaza, ikalia tena. Parthena akauvuta waya wa simu hadi mwisho, akamwekea simu magotini, akaenda kutafuta sanduku chini ya kitanda. Alipoinama, pale kamba ilipomkaza palimuuma bado.

Nyuma yake alimsikia mumewe akisema polepole, "Ndiyo. Ndiyo, Alhamisi. Njoo na supu."