Meno ya Kwenye Picha

Nikiwa kijana nakamua ng'ombe huko Ndabibi, kuna msichana wa upande wa Njoro nilimtaka. Shangazi yake akasema nitume picha kwanza. Nikapanda lori la maziwa mpaka Nakuru, nikaingia studio, nikakaa kwa stuli, nikacheka vile niliambiwa. Mwenye studio akaniangalia mdomo akasema nisijali, ataisafisha. Mimi nilijua kusafisha picha ni ile kuitia kwa dawa itokee. Kumbe alichukua brashi ndogo akanipaka meno meupe kama chaki.

Sasa, sisi tuliozaliwa huku tukinywa maji ya visima vya huku, meno yetu ni ya kahawia. Si uchafu, ni maji, hata upige mswaki mpaka ufizi utoe damu. Siku yule msichana aliniona mwenyewe, aliutazama mdomo kitambo, akauliza, "Na yale ya kwenye picha uliyaacha wapi?" Alinikubali hivyo hivyo, lakini hilo swali amenichoma nalo miaka yote.

Nimeanza huko kwa sababu ya jino. Mwaka wa 2007, wakati wa kuvuna mahindi, magego ya chini kulia yalianza kuniuma. Kushoto nilikuwa na mapengo tu. Mtu mmoja wa Mai Mahiu aliwahi kuning'oa gego zima, lile bovu akaliacha, ikabidi nirudi aling'oe nalo. Kwa hivyo kulia ndiko kulikuwa kinu changu: mawili chini, mawili juu. Moja likienda, nyama nitakuwa nanusa.

Daktari wa meno pale Nakuru alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa hapo, Kiswahili chake kama chetu. Nilimwonyesha gego la mwisho, nikamwambia ni hilo, ang'oe. Akasema kwa meno kama haya macho hayamsaidii, rangi inaficha. Akanipiga eksirei, akaishika kwa mwanga, hakuona kitu. Akaiingiza kwa kompyuta.

"Ngoja niisafishe kidogo, mzee."

Bibi yangu, yule yule msichana wa Njoro, ambaye alikuwa amekaa pale kando, alicheka mpaka akajifunika na leso. "Leo unatoka na meupe."

Mimi sikucheka. Kwa kompyuta picha ikafifia, ikakolea, na ubavuni mwa gego la pili, si lile la mwisho, kukatokea kivuli kama punje ya mtama. Nikamwambia hiyo ameipaka.

Hakukasirika. Akarudisha picha ya kwanza, akaweka kidole mahali palepale. Kivuli kilikuwapo, hafifu kama mvuke wa Olkaria ukiuona kutoka mbali.

"Siongezi kitu, mzee. Nakoleza tu kile kiko. Na nimekoleza meno yote sawasawa, mbona mengine hayana?"

Akagusa gego la mwisho na pamba yenye dawa ya baridi. Sikusikia kitu. Akagusa la pili, nikajipata nimemshika mkono. Yaani ningeng'olewa zima tena, na safari hii mwenye kuagiza ni mimi.

Alinidunga ganzi, akatoboa, akanipa kioo nione shimo, akaliziba na dawa ya muda. Akasema nirudi baada ya wiki mbili aweke ya kudumu. Nikamshukuru, nikavaa kofia, nikatia kadi mfukoni, nikatoka. Ganzi ikaisha njiani, nikauma kidogo upande ule. Hapakuuma. Basi kuwekewa ile ya kudumu sijarudi kwake mpaka leo.