Sahihi ya Mama wa Chapati

Ofisini siku hiyo tulikuwa wanne: mwalimu wa hesabu, ambaye pia ni naibu wa mwalimu mkuu, mdogo wangu wa kidato cha tatu, mwanamke mmoja mwenye unga mikononi, nisiyemjua, na mimi, niliyekuja kutiliwa sahihi kijitabu cha kabeji nilizokuwa nimeshusha jikoni.

Juu ya meza kulikuwa na karatasi ya mtihani. Ilikuwa na jina la mdogo wangu, basi.

"Mama," mwalimu alimwambia yule mwanamke, "kijana wako alikaa mtihani mzima akitazama dirisha. Akirudia, atafute shule nyingine."

Mama yetu tulimzika mwaka mmoja na baba. Nilikuwa kidato cha pili, nikaacha shule ili huyu asiache. Mwalimu alikuwa mgeni muhula huo, hakujua. Mdogo wangu aliambiwa alete mzazi, naye akafanya wanavyofanya vijana wengi hapa Nakuru: akakodi mmoja. Alimchukua mwuza chapati wa nje ya lango, kwa ahadi ya kumtekea maji wiki nzima.

Nikafungua mdomo. Mwalimu akanigeukia. "Na wewe, ni wa familia?"

"Huyo ni mtu wa kabeji tu," mdogo wangu akajibu upesi, macho sakafuni.

Ningesema ukweli, angefukuzwa papo hapo.

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. "Nimeleta kabeji."

Mwanamke akatia sahihi fomu ya onyo. Mwalimu akatoa sharti: kila Ijumaa mzazi atie sahihi daftari la hesabu, tena iwe sahihi hiyo hiyo.

Nje ya lango nilimshika mdogo wangu shati. "Unanionea haya?"

"Ningekuleta uchekwe? Ulitoka form two. Ukiona x utadhani ni ya kupiga kura."

"Na wewe uliyebaki umeandika nini? Jina!"

"Hesabu ni ya watu walio na mtu wa kuwaonyesha home."

Hilo lilinichoma, nikamgeukia yule mwanamke, aliyekuwa amesharudi kwenye jiko lake. Nilimwita mwongo na mwizi wa jina la marehemu, mbele ya wateja wake. Aliendelea kugeuza chapati.

"Maliza tu, dada," alisema. "Hata kesho niko hapa."

Ijumaa ya kwanza mdogo wangu alirudi amenuna. Mama wa chapati alikuwa amekataa kutia sahihi.

"Anataka nimwelezee kila swali mpaka aelewe, na hakumaliza hata darasa la nne! Nimepiga kelele hadi koo inauma."

"Na ukamwelezea?"

"Si ningefanya nini? Hasaini!"

Ijumaa zikaenda hivyo, yeye akipiga kelele, mwanamke akisema hajaelewa, rudia. Mtihani uliofuata alipata thelathini na moja. Mwalimu alimrushia karatasi, lakini hakumfukuza. Mdogo wangu bado anachukia hesabu, na hajaniambia samahani kwa kuniita mtu wa kabeji. Hilo sijalisahau.

Mimi pia nadaiwa samahani. Wiki iliyopita alileta ujumbe kutoka kwa mama wa chapati: "Anasema dada aje siku moja, kiti kipo."

Nilimwambia nina kazi. Siku hizi kabeji nazishusha kwa lango la nyuma, ambako mama wa chapati hanioni, na samahani anayonidai bado sijaipeleka.