Rula na Miwani ya Kusomea

Mtaani walimwita Rula, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Wasusi wengine wakichana njia kichwani, utadhani ng'ombe wamepita. Yeye alipitisha ncha ya kitana mara moja tu, na njia ikanyooka kutoka utosini hadi kisogoni. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha, na ndiyo iliyomlea bintiye baada ya mume kwenda zake bila kuaga.

Sasa Rula alikuwa na hasira na kila kitu. Alianza na taa. Fundi umeme akaja akabadilisha balbu, akaambiwa ameleta mshumaa. Vikafuata vitana, ati vya siku hizi havina ncha. Nywele za bandia nazo weusi wake umezidi, na wateja hawatulii kwenye kiti. Vitu vyote duniani vilikuwa vimeharibika kwa mpigo, isipokuwa macho ya Rula. Huko nje, wenye midomo yao walishaanza kusema Rula kapinda.

Mdogo wake, aliyekuwa akiosha nywele za wateja mle mle saluni, hakuwa mtu wa kumeza maneno.

"Dada, hayo ni macho. Kwa umri huu yanaanza kukataa vitu vya karibu. Mimi mwenyewe yamenianza. Kanunue miwani ya kusomea."

"Ya kusomea? Mimi hapa nasoma nini, vichwa vya watu? Mtu akiwa ng'ambo ya barabara namjua kwa mwendo wake. Macho mabovu yangemwona?"

"Mficha maradhi..."

"Kamalizie hiyo methali nje."

Neno lile la kusomea lilimchoma. Kusoma aliacha mapema, si kwa kupenda, na leo anaambiwa avae vitu vya makarani ili asuke. Mapenzi ya kazi yote yale, malipo yake ni haya?

Kisha bintiye, ambaye harusi yake ilikuwa imekaribia, akaja saluni akasimama mlangoni kama mgeni. Tangu aote nywele hajawahi kusukwa na mkono mwingine.

"Mama, nywele za harusi nimemwomba msusi mwingine. Nataka siku hiyo upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Rula akavua aproni, akamwacha mteja na nusu ya kichwa, akaenda moja kwa moja kwa mchuuzi wa miwani wa barabarani. Alipewa gazeti ajaribie, akachagua miwani kali kuliko zote, kama mtu anayenunua panga. Atawaonyesha. Hizo nywele za harusi atazisuka yeye.

Kesho yake aliivaa kazini. Akisimama wima, kichwa cha mteja kilikuwa ukungu mtupu. Ili aone, ilimbidi ainame mpaka pua iguse nywele.

"Shangazi," mteja akauliza, "unaninusa?"

Kufika jioni mgongo ulikuwa unawaka moto. Mdogo wake hakubishana tena, alimshika mkono akampeleka kwa mpimaji wa macho. Kijana yule akamnyooshea kadi ya maandishi.

"Sikuja kusoma," Rula akasema. "Mimi nasuka."

Mpimaji akaiweka kadi chini. "Basi nionyeshe mikono yako inakaa wapi ukiwa kazini."

Rula akazunguka nyuma ya kiti cha kijana, akamshika kichwa bila kuomba ruhusa. Kijana akachukua futi, akapima kutoka jichoni mwa Rula hadi kwenye vidole.

"Ni mbali kuliko kitabu," akasema. "Ile ya barabarani ni kali mno, inakuvuta chini. Macho yako hayana ugonjwa, mama. Lenzi ya ndani imekakamaa kwa umri, hali hiyo imetupata au itatupata sote. Utavaa isiyo kali sana, na ukiona inaanza kukataa, urudi upimwe."

"Kwa hiyo si ya kusomea."

"Iite ya kusukia."

Rula alitaka kucheka, akajizuia.

Miwani ilipokuwa tayari, alirudi nayo nyumbani usoni. "Kaa hapa," akamwamuru bintiye. "Leo utaniambia huyo msusi wako ananizidi nini." Akamfungua kitambaa kichwani.

Njia alizozichana Rula mwenyewe zilikwenda upogoupogo. Hayo alikuwa tayari kuyabeba. Lakini pembezoni mwa kipaji cha uso nywele zilikuwa zimeng'oka, na ngozi ina vidonda vidogo, vingine vimekauka, vingine vibichi.

"Nani kakufanya hivi?" akauliza, akiwa tayari kwenda kumvaa mtu.

Binti akatazama mikono ya mama yake. Rula naye akatazama vidole vyake mwenyewe. Kumbe alichoshindwa kukiona kwa macho alikuwa akikikaza kwa vidole.

"Unaumia muda wote huu, na umenyamaza?"

"Ungekasirika, mama."

Rula akafungua mdomo akanushe kwa ukali, na mtoto akainamisha kichwa mapema, akingoja kugombezwa kama alivyozoea.