Mkono wa Msalaba wa Mama Mkwe

Kuna aibu za kucheka na kuna hii yangu, ambayo nikiikumbuka nikiwa peke yangu karakanani hushusha ile kinga ya uso hata kama sichomi kitu. Wacha niwaambie mwenyewe, maana Kehancha, ukweni kwangu, wote wanaijua, na mkiisikia kwa wengine itakuwa imetiwa chumvi.

Mimi ni Mjaluo wa Rodi Kopany, fundi wa kuchomea vyuma, na nilioa Mkuria. Wakwe hawakunitaka, sitaficha. Aliyenitetea ni mama mkwe peke yake. Wakimuuliza huyu Mjaluo asiye na ng'ombe ana nini, alijibu, "Ana mikono," basi, mazungumzo yameisha. Alipofariki nililia kama mtoto wake wa kuzaa, nikamwambia mke wangu, "Msalaba wa mama nitautengeneza mimi, wa stenlesi, usiote kutu milele."

Hapo ndipo nikaamua kitu kidogo tu. Tochi yangu ya gesi ilikuwa na kikombe chembamba cha zamani, yaani ile pua ya kutolea gesi, na stenlesi ni chuma chenye madaha: ikiyeyuka haitaki kuguswa na hewa, lazima gesi iifunike mpaka ipoe, la sivyo kiungo kinakuwa kibovu ndani. Nikasema kwa mama mkwe sibahatishi. Nikaenda Migori mjini kwa Salim, anayetuuzia mafundi vifaa, nikachukua kikombe kipana cha kioo na lenzi yake, ile yenye wavu wa kutuliza gesi itoke polepole. Salim akanionyesha pete moja nyeupe ndani ya pakiti.

"Fundi, hii ndiyo inaziba nyuma ya kikombe. Ile ya zamani uitoe, haishiki. Halafu ujaribu kwanza kwa chuma chakavu."

"Salim, mimi si fundi wa jana," nikamjibu. (Ulimi huu, jamani.)

Nilipofika Rodi ile pete ya zamani ilikuwa imekwama, nikaivuta ikakataa, nikaona mbona imekaa vizuri tu, nikavalisha kikombe kipya juu yake, kumbe nyuma nimeacha mwanya na hewa inanyonywa humo humo. Moto ulionekana mzuri sana kupitia kioo. Lakini mshono ukatoka wa kijivu, wenye vitobo kama mkate uliokatwa. Fundi mwenye akili angekata aanze upya. Mimi, maziko yalikuwa kesho yake na gesi ilikuwa inaelekea kuisha, kwa hivyo nikachukua grenda nikausawazisha ule mshono, nikausugua mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Vitobo vikapotea, na ile nyama kidogo ya chuma iliyokuwa imeshikilia ikapotea pamoja navyo.

Kule Kehancha, emsii akaushika msalaba ukameta juani. "Kazi ya mkwe wetu hii! Fundi, sema neno!" Nikapewa maikrofoni. Ningesema asante nikakaa, si ndiyo? Nikasema, "Msalaba huu utasimama mpaka parapanda ilie." Watu wakapiga makofi, matangani, na baba mkwe, ambaye sisi sote tunamwita Tata, akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunikubali kwa lolote.

Kaburi likafukiwa. Shemeji yangu Mwita akausimamisha msalaba, akaugonga kichwani kwa mgongo wa sepetu ili uzame. Mkono wa kushoto ukadondoka. Haukulia hata, uliangukia udongo mpya laini.

"Yawa!" nikapiga kelele kwa Kijaluo, katikati ya boma la Wakuria, na kila shingo ikageuka.

"Hata parapanda haijalia," bibi mmoja akasema nyuma yangu, na hakuwa anatania.

Tata akaja polepole. Akauokota ule mkono, akaufuta udongo kwa koti lake, akaingiza kidole pale palipovunjika. Kisha akanipa.

"Marehemu alisema una mikono," akasema. "Basi shika."

Nikaushika. Nikaubana mahali pake na kusimama pale maombi yakiendelea, mashada yakiwekwa, kila ukoo ukija kupigwa picha kaburini, na katika picha zote nipo, nimesimama kama nguzo. Nililia. Walidhani ni aibu, na aibu ilikuwepo, lakini hasa nilimlilia yule mama, kwa sababu alikuwa na neno moja tu la kunitetea nalo, na mimi ndiye niliyelivunja mbele ya watu.

Nyumbani niliing'oa ile pete kwa koleo, nikaweka nyeupe. Nikachoma vyuma chakavu na kuvipiga nyundo mpaka vikapinda bila kuachana, ndipo nikaunda msalaba mwingine. Tangu hapo grenda yangu haiwaki kabla nyundo haijasema, na nimeapa hivyo mbele ya mke wangu. Mkwe haendi ukweni kienyeji, kwa hivyo niliwabembeleza baba zangu wadogo wanisindikize, wakanicheka njia nzima.

Tulipofika na msalaba, Tata alitoka na sepetu, salamu hakutoa. Akaupiga msalaba kichwani. Akapiga mkono wa kulia, akapiga wa kushoto kwa nguvu zaidi, akatega sikio. Mimi nilikuwa natazama chini.

"Leteni maji," akawaambia walio jikoni. "Mkwe anawe mikono, ale."