Fundi aliyemshonea mwanawe bila kumgusa

Saa mbili asubuhi, cherehani ya kukanyaga inarindima kwenye chumba cha mbele. Fundi, mwanamke wa miaka arobaini, ana futi ya kupimia shingoni na pini tatu mdomoni. Anapinda sketi nyeupe ya chuo cha uuguzi. Jumatatu binti yake wa pekee anaondoka kwenda kusoma.

"Usinicheke ukinisikia nasema na sindano," anamwambia mwandishi wa gazeti, akizitoa pini. "Nimezoea kuongea na vitu visivyojibu."

Majirani humwita Fundi Nukta, kwa kuwa mshono wake haukosei hata nukta. Hushona magauni matano kwa wiki akibahatika, na kodi ya chumba hula mawili. Alikubali maisha yake yaandikwe gazetini kwa sharti moja: lisichapwe neno mpaka kwanza amwambie binti yake jambo ambalo hajawahi kumwambia.

Jambo lenyewe si la vita. Hilo binti analijua tangu ana miaka kumi na minne: mama yake alikuwa na miaka kumi na tisa wanajeshi walipomkamata njiani akikimbia, wakambaka, na mimba ya siku ile ndiyo yeye. Kilichobaki ni hiki: mpaka binti alipofikisha miaka mitano, mama yake hakuwahi kumbeba.

"Nilimnyonyesha nimefumba macho, mama yangu ndiye amemshikilia. Alipoacha ziwa, basi. Si kwamba nilimchukia. Mkono ulikataa tu."

Aliyemlea ni bibi yake. Hapo Fundi Nukta anatabasamu, maana siku zile, pamoja na uchungu wake wote, anazikumbuka kwa hamu. Nyumba ya vyumba viwili, redio ya betri inakoroma, pasi ya mkaa inanukia, na bibi anaingia na kamba aliyompimia mtoto, yenye mafundo: la kwanza bega, la pili kiuno, la tatu magoti.

"Ananiwekea kamba mezani. 'Mshonee mwenzio.' Hasemi mtoto, anasema mwenzio. Nami nashona, mtoto sijamtazama. Na gauni linamkaa, mama wee."

Kisha kamba ikaanza kukosea. Gauni moja likapwaya, la pili likabana makwapa. Fundi akalaumu macho ya mama yake. Uzee huo, akajisemea. La tatu likaburuta chini, na mtoto akaenda nalo hivyo hivyo hadi dukani.

"Mwenye duka akaniuliza, 'Fundi, na hili nalo lako?' Nilitamani ardhi inimeze. Mtoto naweza kumkwepa, lakini nguo mbaya yenye mkono wangu itembee mtaani? Nilirudi nyumbani nimefura. Nikavua futi, nikamwambia, simama hapa."

Mtoto akasimama, mikono juu. Fundi akazungusha futi kifuani, na moyo wa mtoto ukadunda kwenye vidole vyake. "Nilipima mara nne," anasema. "Moja ilitosha." Anafuta macho kwa kipande cha kitambaa.

Binti anaingia kujaribu sketi. Mama yake anamwomba akae kwanza, kisha anamweleza yote taratibu, macho yameganda kwenye chaki ya kuchorea vitambaa. "Miaka mitano, mwanangu. Nisamehe."

Binti hashtuki. "Najua, mama. Bibi aliniambia kabla hajafariki. Tena macho yake yalikuwa mazima. Yale mafundo alikuwa akiyasogeza makusudi. Alisema, 'Mama yako hawezi kuvumilia gauni bovu.'"

Fundi anacheka huku machozi yanamtoka. "Yule mama yule. Miaka kumi na mitano namsingizia upofu."

Mtaa wa nyuma wapo kina mama watatu waliokimbia vita vya karibuni, wenye watoto waliopatikana kama binti yake. Huja kukaa kibarazani kwake. Watoto wamewaachia bibi zao. Jumanne kitanda cha binti kitatolewa, iingie cherehani ya pili, ya mkopo.

"Nitawafundisha bure. Somo la kwanza, kila mmoja amshonee mwanawe. Na kamba sitaki kuiona humu ndani."

"Haya, mama, nipime," anasema binti, mikono tayari iko juu.

Sketi imekwisha, na vipimo vyake fundi anavijua kwa kichwa. Anavua futi shingoni.