Mdogo wangu alinawa mikono mpaka ikapasuka, ukoo ukataka kumtoa shule

Wakuu, heshima zenu. Chumvi nitatia, ila mchuzi ni wa kweli.

Miaka ile wakimbizi wanavuka ziwa kutoka Kongo, Ujiji ilivuma kwamba wamekuja na mdudu asiyeonekana, anakaa kwenye vikombe vyao. Ukigusa kikombe, mama yako anakufa.

Niliamini kuliko nilivyoamini hesabu.

Mdogo wangu Mwajuma, miaka minane, akaanza kunawa. Mara saba, akikosea kuhesabu anarudia. Nadhani hata ziwa lilipungua. Mikono ikawa inatoa damu.

Sisi tukakosea. Kwetu mgonjwa habishiwi. Bibi anamshikia kata ya maji, mimi naulizwa, "Kaka, mama hafi?" Najibu, "Hafi." Nimejibu kama mara milioni mbili.

Baba mkubwa akaja kutoka Simbo.

"Huyu ana jini la maji. Aache shule, nikampeleke kwa mganga afungwe mikono siku saba."

"Hatoki hapa."

"Wewe wa shule ya jioni, unayesoma na kibatari, ndo wa kunifundisha?"

"Shikamoo baba mkubwa, lakini hatoki."

Nikampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati, Rusimbi. Kulikuwa na nesi, mama wa Kikongo, naye mkimbizi. Akampa Mwajuma kikombe chake akishike, halafu asinawe. Dakika mbili tu. Mtoto alilia mpaka wagonjwa wengine wakapona.

Mimi nikakatazwa kujibu lile swali. "Kila mukijibu, munalisha woga," alisema.

Dakika mbili zikawa tano, zikawa saa. Woga unapanda, ukikosa maji unashuka wenyewe. Baada ya miezi kadhaa Mwajuma alinywea chai kikombe kile kile. Mama yuko hai, analalamikia sukari.

Baba mkubwa alitususia mpaka Idi. Tulinusurika.

Leo Mwajuma ni mwalimu Mwandiga, mikono imejaa chaki. Yeye ndiye aliyeniambia jina la ugonjwa ule: OCD, woga unaomlazimisha mtu kurudia jambo lile lile. Bado humtembelea siku mojamoja, anaijua dawa.

Mwenye mtoto wa hivi asimfunge, asimcheke, na asimjibu mara milioni mbili. Ampeleke hospitali. Anayebisha abishe hapa chini, sikimbii.

Ila nikiri. Siku ya mwisho nilimuuliza nesi, "Sasa yule mdudu wenu tumemuua?"

Akaendelea kusuuza kikombe chake.

"Mududu hakukuwako, kaka. Ni ugonjwa, unaanzaka utotoni. Ungemupata huyu mutoto hata kama sisi hatungevuka ziwa."